Sura ya Saba: Kuachana Bila Kukomoana

"Ikiwa sote wawili tumekubali ndoa imekwisha, kortini twendea nini?"

Swali hili haliishi kuulizwa upande wa Likoni, na mara nyingi anayeuliza ameshazunguka sana. Ameanza kwa wazee wa pande zote mbili, akaenda kwa imamu au pasta, kisha kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu. Kama kuna watoto na matumizi hayatolewi, ameshaelekezwa kwa afisa wa watoto. Mwisho anaambiwa avuke feri. Kwa mkazi wa Mtongwe hiyo ni matatu hadi Likoni, foleni ya feri, halafu mguu au matatu nyingine mpaka mahakamani, kisiwani Mombasa. Mambo ya watoto nayo yana mahakama yake, Tononoka. Kila afikapo husimulia upya, tangu siku ya posa hadi siku ya kurushiwa nguo nje.

Jibu fupi ni kwamba kortini utafika, ila hulazimiki kwenda kupigana. Nchini Kenya ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila au ya Kihindu huvunjwa na mahakama, hata kama mume na mke wamekubaliana kila kitu. Ndoa ya Kiislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na talaka yake husajiliwa. Lakini nyumba iende kwa nani, watoto walale wapi, ada ya shule ilipwe na nani, deni la sacco limwangukie nani: hayo yote yaweza kumalizwa mezani kabla hakimu hajaona jalada. Sura hii inahusu wataalamu wanaoketi kwenye meza hiyo, na jinsi kikundi chao kinavyoweza kuoteshwa mahali kama Mtongwe.

Wakili aliyeapa kutokwenda kortini

Mwaka 1990, mjini Minneapolis, Marekani, wakili wa kesi za ndoa aitwaye Stu Webb alichoshwa na kazi yake. Aliwatangazia wenzake kwamba hatasimama tena mahakamani kwa kesi ya talaka. Atamsaidia mteja wake kufikia maafikiano, na maafikiano yakishindikana atajitoa, mteja atafute wakili mwingine. Wenzake wachache wakamfuata. Miaka hiyo hiyo, California, mwanasaikolojia Peggy Thompson na wenziwe waliona kwamba mawakili peke yao hawatoshi, wakaongeza washauri nasaha, mtaalamu wa watoto na mtu wa hesabu. Leo chama cha kimataifa cha wataalamu hawa kina wanachama katika nchi zaidi ya 20.

Utaratibu huo tutauita hapa talaka ya maafikiano. Kila mmoja ana wakili wake, na wote wanne huketi chumba kimoja. Wanatia sahihi mkataba wa kujitoa, yaani ahadi ya maandishi kwamba suluhu ikivunjika, mawakili wote wawili wanaondoka na hawatawawakilisha wateja hao kortini. Tofauti yake na upatanishi ni hii: mpatanishi ni mtu mmoja asiye na upande, asiyeruhusiwa kumwambia mke "hapa unapunjika." Katika talaka ya maafikiano yuko wa kumwambia hivyo, ila hana kesi ya kutishia nayo.

Watu husikia mkataba wa kujitoa wakadhani ni urasimu tu. Mimi naona ndio roho ya jambo lote. Wakili anayejua kwamba mambo yakiharibika atalipwa zaidi kwa kwenda kortini, hata awe mwema vipi, huzungumza huku ameficha karata. Mteja naye hujibana, akiogopa kwamba alilolisema leo litasomwa kesho mbele ya hakimu. Mkataba ukitiwa sahihi, kila aliye mezani ana cha kupoteza wakishindwa: mawakili wanapoteza kazi, na wanandoa wanaanza gharama upya.

Kwa ufupi:
- Kila upande una wakili wake.
- Mawakili hao hawawezi kugeuka wapiganaji wa kesi.
- Wataalamu wa hesabu na wa malezi ni wa wote wawili, si wa upande mmoja.
- Yaliyosemwa mezani hayatumiki mahakamani.

Pwani ilikuwa na meza yake

Atakayesema jambo hili ni la Wazungu amesahau nyumbani. Aya ya 35 ya Surat an-Nisaa inaagiza kwamba ikihofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka watu wa mume na mwingine kutoka watu wa mke. Pande mbili, wasemaji wawili, shabaha moja. Kwa Wadigo wa zamani, ambao ukoo wao ulihesabiwa kwa mama, neno la mjomba lilikuwa zito katika shauri kama hili.

Kadhi naye hakuanza jana. Katiba ya 2010, ibara ya 170, inampa mamlaka juu ya ndoa, talaka na urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, aliyefuatilia kesi katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980, alikuta kwamba wengi wa wanaopeleka mashauri ni wanawake. Wale wanaodhani mwanamke wa Pwani hunyamaza tu wangefaa kukaa nje ya mlango huo asubuhi moja.

Serikali nayo imefungua njia. Ibara ya 159 inaziagiza mahakama kuendeleza suluhu, upatanishi na njia za kimila. Mwaka 2016 Idara ya Mahakama ilianza Nairobi kuwapeleka wenye kesi za familia kwa wapatanishi walioidhinishwa, na baadaye mpango huo ukafika Mombasa.

Sasa, kwa nini tusiridhike na haya? Kwa sababu kikao cha wazee kimeundwa kurudisha watu nyumbani. Kikifaulu, alhamdulillahi. Kisipofaulu, mara nyingi huishia "mwanangu, kavumilie," na anayeambiwa hivyo unamjua ni nani. Wazee hawana zana za kugawa nyumba wala kupanga ada ya miaka sita. Na upatanishi wa mahakama, kwa faida zake zote, kwa kawaida huanza baada ya kesi kufunguliwa, yaani baada ya kila mmoja kuapa kwa maandishi kwamba mwenzake ni mbaya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Waliokwisha kuafikiana hutegemea hiyo ya mwisho, bila kuanikana. Wasioafikiana huorodhesha yote, na kuna siku watoto watayasoma.

Nyumba bila kiwanja

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wenye mambo ya kweli ya huku. Mume yuko bandarini, anafanya kazi kwa zamu. Mke ana cherehani mbili na anauza madera. Wana watoto watatu. Wamejenga Mtongwe nyumba ya vyumba sita, wanaishi viwili na kupangisha vinne. Kama nyumba nyingi za Mombasa, kuta na mabati ni yao, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi wanamlipa mwenye ardhi. Pia wana kipande cha ardhi Likoni, kwenye lile shamba la Waitiki la ekari 930 ambalo maskwota wake walianza kupewa hati Januari 2016. Hati ina jina la mume peke yake. Mume ana mkopo wa sacco. Mke yuko kwenye chama na zamu yake ya kupokea inakaribia.

Kortini, kauli ya mume ingekuwa: nyumba nimejenga mimi. Kauli ya mke: nami nimezaa na kulea. Zote mbili ni za kweli nusunusu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu mchango wa fedha na usio wa fedha, ikiwemo kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu, kilele cha mahakama zote za Kenya, ilisema usawa wa mume na mke katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia.

Hapo ndipo mhasibu wa meza anapoanza kazi. Anawapa wote wawili orodha moja: hati ya mshahara, taarifa ya sacco, kitabu cha chama, risiti za simiti na mabati kama zipo, na taarifa za M-Pesa kwa kadiri zinavyopatikana. Karatasi hizo za M-Pesa zina maajabu yake. Ndani yake mke anaonekana akimtumia fundi shilingi 1,500, wiki mbili baadaye 2,000, kisha 800 za mchanga, mwezi baada ya mwezi. Mume alisahau. Pengine hata mke alisahau, maana pesa ndogondogo hazimwachii mtu kumbukumbu. Zikijumlishwa, chumba cha nne na cha tano vimepata mwenyewe. Mahakamani karatasi hiyo hiyo ingekuwa silaha ya kumwita mume mwongo. Mezani anaitazama, anakuna kichwa, anasema, "Kweli, ile ya plasta ulitoa wewe."

Kisha pendekezo linatoka kwa urahisi: mke achukue nyumba, kodi imsaidie kulea, na mume abaki na kiwanja pamoja na deni lake. Linaonekana la haki. Wakili wa mke ndiye anayepaswa kushtuka. Kiwanja cha mume kina hati. Nyumba ya mke imesimama juu ya ardhi ya mtu, na siku mwenye ardhi atakapouza, mke atabaki na mabati mgongoni. Thamani ni sawa kwenye karatasi, hatari ni ya mmoja. Basi mthamini akadirie jengo peke yake bila ardhi, na mkataba useme kwamba hadi mtoto wa mwisho amalize shule, kiwanja chenye hati hakitauzwa wala kuwekwa rehani bila sahihi ya wote wawili. Hakimu mwenye mafaili mengi mezani hana muda wa kushona kitu cha namna hiyo.

Watoto nao wana lao. Mshauri nasaha anazungumza na mkubwa, aliye shule ya upili, na kugundua hakatai kwenda kwa babake kwa chuki. Anakataa kwa sababu wikendi ya zamu ya usiku anamkuta baba amelala kutwa. Ratiba inapangwa kufuata zamu za bandari badala ya Jumamosi na Jumapili. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu wazazi kuandikiana makubaliano ya majukumu yao, na yale waliyopanga wenyewe kwa kujua zamu ya nani ni lini hudumu kuliko ya kuandikiwa.

Wawili hawa wakiwa Waislamu, yako mengine ya kuzingatia: eda, mahari yaliyobaki, na mata'a, zawadi ya kumliwaza mke aliyeachwa. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali. Wakili asiyejua mlango upi unafunguka wapi asikae kwenye meza hii.

Kikundi huoteshwaje

Wengi huanza na semina hotelini, wakaunda kundi la WhatsApp lenye watu 100, wakachagua mwenyekiti, na mwaka ukaisha bila jalada hata moja. Kikundi cha namna hii huanza na mawakili wawili wanaopambana mara kwa mara kortini na bado wanaaminiana. Kama wakili mmoja akimwambia mwenzake "mteja wangu hajaficha kitu" naye akakubali, kikundi kimekwisha kuzaliwa. Wengine huongezwa hapo: mawakili wawili au watatu zaidi, washauri nasaha wawili, mmoja wao awe anawajua watoto, na mhasibu. Watu wanane wanatosha. Wote hawa wapo kati ya Likoni na kisiwani, na tatizo ni kwamba kila mmoja hukutana na familia hiyo hiyo kwa wakati wake, bila kumjua mwenzake.

Wafundishwe chumba kimoja. Mafunzo ya mwanzo ya kazi hii kwa kawaida huchukua siku mbili, na ni vizuri kila mmoja awe pia amesomea upatanishi. Kuna mazoea ya mawakili kusoma kwao na washauri kwao, kisha mhasibu akaitwa kama fundi wa kuziba mwisho. Mhasibu aliyeitwa mwisho hana ubavu wa kumwambia wakili "umekosea."

Kikao cha kila mwezi kifanyike upande huu wa feri. Nasisitiza hili kwa sababu huduma nyingi za Mtongwe huishia kuwa za kisiwani zenye bango Mtongwe. Kivuko cha Mtongwe chenyewe kimesimama na kurudi mara kadhaa, na mkazi akiambiwa huduma iko ng'ambo huisamehe. Ukumbi wa shule unatosha, ila isiwe Ijumaa adhuhuri. Kazi ya kikao ni kupitia shauri moja lililokwisha, bila majina, na kuulizana: wapi tulimwacha mmoja nyuma?

Lipo na suala la udugu. Mtongwe mume wa huyu ni binamu wa yule, na mshauri alisoma na shemeji. Kusubiri asiye na uhusiano na mtu ni kusubiri milele. Kuwe na daftari, na kila mtaalamu aandike uhusiano wake kabla ya kugusa shauri, na wanandoa wote wawili wauone wakiwa na haki ya kumkataa.

Pesa ndiyo huua vikundi, kwa hiyo kanuni zake ziandikwe mapema:

1. Kila mtaalamu alipwe kivyake. Sheria ya Mawakili inakataza wakili kugawana ada yake ya uwakili na asiye wakili.
2. Hakuna kamisheni kwa aliyeleta mteja, awe mzee wa mtaa, karani wa chifu au mwendesha bodaboda. Hilo nalo ni kosa kisheria kwa wakili.
3. Wanandoa waambiwe makadirio ya gharama kwa maandishi siku ya kwanza.
4. Katika kila mashauri machache, moja lifanywe kwa ada ya chini au bure.

Hiyo ya nne watu huipenda kwenye hotuba na kuikimbia kwenye ratiba. Kikundi kitakachohudumia maafisa wa kambi ya wanamaji na makarani wa bandari tu kitaonekana, kwa haki, ni starehe ya wenye nacho. Shirikisho la mawakili wanawake, FIDA Kenya, limekuwapo tangu 1985, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda taasisi ya serikali ya kuwasaidia wasio na uwezo. Zote zina ofisi Mombasa. Kikundi kiwe mwenzao wa kupokezana watu, kisishindane nao.

Na viongozi wa dini? Wao ni mlango. Kadhi ni hakimu, na kumweka kwenye orodha ya wanachama ni kumharibia kazi yake. Lakini imamu, pasta na chifu wakijua kwamba baada ya "tumeshindwa kuwarudisha" kuna pahali pa kuwaelekeza watu, watawaelekeza. Waendewe mmoja mmoja, kwa heshima, kabla ya bango lolote kupandishwa. Matangazo ya mawakili yana mipaka yake kisheria, na hata yasingekuwa nayo, huku neno la imamu baada ya swala hufika mbali kuliko bango.

Pasipofaa meza

Kuna ndoa ambazo kuzileta mezani ni hatari. Mwanamke anayepigwa hawezi kujadiliana na anayempiga, hata chumba kikijaa wataalamu. Atasema ndiyo kwa kila kitu ili afike nyumbani salama. Huyo anahitaji amri ya ulinzi, na Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inampa haki ya kuiomba mahakamani. Kwa hiyo kila mmoja ahojiwe peke yake kwanza, siku tofauti, na swali la kipigo liulizwe wazi bila kuzungukwa.

Meza haifai pia pale ambapo mmoja anaficha mali na hataki kuifichua, au pombe na unga vimemtawala kiasi cha kutoshika ahadi. Na aliyesafiri Ghuba kwa kazi, kama walivyo wanawake wengi wa Likoni, anaweza kushiriki kwa simu, mradi awe na wakili wake mwenyewe. Asiwakilishwe na kaka wa mume.

Kabla hujatia sahihi

Makubaliano yakikamilika, mawakili huyaandika na kuyapeleka mahakamani yawe amri. Bila hatua hiyo ni karatasi ya kuaminiana tu, na kuaminiana huisha siku mmoja akioa au kuolewa tena. Kwa Waislamu, talaka isajiliwe na cheti kitunzwe. Wengi hugundua hawana cheti siku wanapotaka kufunga ndoa nyingine.

Na ukimwendea wakili leo, Mtongwe au kisiwani, akakwambia yeye ni mtu wa suluhu, muulize swali moja: "Tukishindwa kuafikiana, utanisimamia kortini?" Akijibu ndiyo, huenda ni wakili hodari, na huenda siku moja utamhitaji. Lakini kwa kazi iliyoelezwa katika sura hii, mtafute atakayejibu hapana, na umwombe akuandikie.